Barua ya wazi: Beji ya redio ipimwe kwa ujumbe uliofika

Kwa Kamishna Mkuu, Chama cha Maskauti Kenya,
na kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

KUH: MAFUNZO YA REDIO YA RIDHAA KWA MASKAUTI WANAOTAFUTA BEJI

Waheshimiwa,

Sisi ni watu wa redio ya ridhaa, yaani redio isiyo ya biashara inayoendeshwa kwa leseni na watu wanaoipenda, na tunawafundisha maskauti hapa Nairobi. Tunawaandikia nyote wawili kwa barua moja kwa sababu tunachokiomba kiko nusu mikononi mwa Chama na nusu mikononi mwa Mamlaka, na upande mmoja ukisogea peke yake hakuna kitakachobadilika. Ombi lenyewe ni hili: skauti asipewe beji ya redio hadi atakapotuma ujumbe kwa kituo alichoshiriki kukijenga, na ujumbe huo ufike upande wa pili bila neno kupotea wala tarakimu kubadilika. Kukaa kwenye semina ya asubuhi moja, kushika maikrofoni, kusalimia na kupigwa picha kusihesabiwe.

Tunajua watu watasema watoto wana simu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Minara ya simu hutegemea umeme huo, na ukikatika hubaki kwenye betri na jenereta ambazo nazo zina mwisho wake. Kituo cha redio ya ridhaa kinahitaji betri ya gari, waya uliotundikwa mitini na mtu anayejua kazi. Betri na waya hununuliwa kwa siku moja. Mtu anayejua kazi huchukua miezi, na ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na antena, kwa kuwa hapo ndipo skauti anapojifunza mengi zaidi na ndipo wafundishaji wengi wanapogusa juujuu. Kwa mawasiliano ya ndani ya nchi tunatumia bendi ya mita 40, ambayo katika Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), tuliyomo sisi, ni kati ya megahezi 7.0 na 7.2. Antena ya dipoli ni waya wenye pande mbili sawa, kebo ikiungwa katikati; urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawanya 143 kwa masafa unayoyataka, kwa megahezi. Kwa megahezi 7.09 jibu ni kama mita 20.2, yaani mita 10.1 kila upande. Usikate hapo. Kata mita 10.5 kila upande, kisha upunguze kwa kipimo. Waya wa umeme wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba unatosha kabisa, ila ganda lake la plastiki hushusha masafa ya antena kidogo kuliko kanuni inavyosema, kwa hiyo skauti asishangae kipimo kikimwambia kwamba waya wake ni mrefu mno.

Hesabu ya kupunguza ni ya darasa la nane. Chukua urefu ulionao, zidisha kwa masafa uliyoyapima, gawanya kwa masafa unayoyataka. Waya wa mita 10.5 uliopimwa ukakaa vizuri kwenye 6.81 unatakiwa uwe mita 10.5 mara 6.81 gawanya kwa 7.09, ambayo ni mita 10.09. Kwa hiyo sentimita 41 ziondoke kila upande. Sisi huwaambia waondoe 30 kwanza, wapandishe antena, wapime tena, ndipo wamalizie. Makosa ni yale yale kila mara: kikosi kimoja hukata upande mmoja tu, kingine hupima antena ikiwa imelala kwenye nyasi. Ardhi hushusha masafa, hivyo waya uliopimwa chini hukatwa kupita kiasi, na ukipandishwa juu unakuwa mfupi. Antena ipimwe mahali itakapofanyia kazi. Na badala ya kukata, mwisho wa waya unaweza kukunjwa nyuma na kusokotwa juu ya wenzake, ili ukikosea uukunjue.

Kuhusu kimo, Rowallan, kambi ya maskauti hapa Nairobi, ina miti ya kutosha na hakuna haja ya mlingoti. Kamba nyembamba ya nailoni, chupa ya nusu lita iliyojaa maji kama uzito, na nafasi ya mita kumi isiyo na mtu chini ya tawi. Jiwe halifai kwa sababu huchomoka kwenye fundo likiwa hewani. Mita 6 au 7 kutoka ardhini zinatosha, tena kwa kazi hii ni bora kuliko 20. Dipoli iliyo chini namna hiyo hupeleka mawimbi karibu wima, yakafika kwenye ionosfea, tabaka la juu la hewa linalorudisha mawimbi ya redio, kilomita 250 hadi 350 juu yetu, yakarudi na kuenea juu ya eneo lote linaloizunguka Nairobi. Ndivyo Nakuru, Kisumu na hata Mombasa zinavyosikika bila ya milima kuzuia kitu. Redio ya mkononi ya megahezi 145 haiwezi kazi hiyo, kwa maana yenyewe inataka kuonana na mwenzake. Kilima kikiingia katikati, mazungumzo yamekwisha. Asubuhi kabla jua halijawa kali na alasiri kuanzia saa kumi ndizo nyakati nzuri. Saa sita mchana tabaka la chini la ionosfea hunyonya sehemu kubwa ya nguvu, na skauti ambaye hajaelezwa hili atafikiri redio imeharibika.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. La kwanza, antena isitundikwe mahali ambapo, ikikatika na kuanguka upande wowote, inaweza kugusa nyaya za Kenya Power. La pili, miisho ya dipoli hubeba volti nyingi wakati wa kutuma hata kama redio inalishwa na volti 12, kwa hiyo iwe juu ya mita 3 na pazungushiwe utepe. Mtoto akiigusa huungua ngozi, na kidonda cha namna hiyo huingia ndani zaidi ya kinavyoonekana.

Kuna hitilafu moja ambayo tungependa kila kiongozi wa skauti aijue, maana ndiyo inayoua masomo mengi. Redio inawaka, inapokea vizuri, kila kitu kiko sawa. Skauti anabonyeza kitufe cha kusema, anaanza kuita, na redio inazima. Anaachilia, inawaka tena. Kiongozi anasema redio ni mbovu, inarudishwa kwenye sanduku, na hapo somo linaisha. Redio yenyewe ni nzima. Redio ya wati 100 huvuta takriban ampea 20 mtu anapopaza sauti. Ukiiunganisha na betri kwa mita 3 za waya wa milimita 1.5 za mraba, umeme unakwenda mita 3 na kurudi mita 3, na njia hiyo ya mita 6 ina ukinzani wa ohmu 0.073. Mara ampea 20, zimepotea volti 1.45 njiani. Betri iliyo na volti 12.2 inapofanya kazi inaifikishia redio 10.75, na redio nyingi za aina hii zimetengenezewa 13.8, hazivumilii kushuka chini ya 11.7 hivi. Tumia waya wa milimita 6 za mraba, ufupishe uwe mita moja na nusu, weka fyuzi kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, na upunguze nguvu hadi wati 20 au 30. Kutoka Nairobi hadi Nyeri wati hizo zinatosha na kubaki. Somo zuri ni kumpa skauti mita ya volti apime kwenye betri, kisha apime kwenye plagi ya redio wakati mwenzake anazungumza. Akiziona namba mbili tofauti kwa macho yake hatazisahau.

Kebo inayounganisha redio na antena ni ya aina ya RG-58 yenye plagi za aina ya PL-259 kila mwisho, na hapa uzi mmoja tu wa wavu wa nje ukigusa waya wa katikati kituo kizima hakifanyi kazi. Kabla kebo haijaunganishwa na chochote, mita ya kupimia umeme, ikiwekwa ilie njia ikiwa imeungana, iguse katikati na ganda la plagi: isilie. Kisha iguse katikati ya mwisho huu na katikati ya mwisho ule: ilie. Kulehemu kuliko baridi, ambako risasi imekaa juu kama tone bila kushika, hupita kipimo leo na kukataa kesho mvua ikinyesha. Mita 20 za kebo hii hupoteza chini ya desibeli 1 kwenye bendi ya mita 40. Kwenye megahezi 145 hupoteza karibu 4, zaidi ya nusu ya nguvu yote, kwa hiyo kikosi kinachotaka kutumia bendi ya mita 2 kisogeze redio karibu na antena.

Sasa ujumbe wenyewe. Jaribio tunalolipendekeza ni la maneno 20, lenye jina la mahali, idadi ya watu, kiasi cha kitu na saa. Anayetuma huyasema kwa mwendo wa mtu anayeandika kwa mkono. Anayepokea huandika, kisha husoma alichoandika neno kwa neno, na anayetuma husahihisha. Majina ya mahali hutajwa herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa, Alfa, Bravo, Charlie, kwa sababu B, D, P na T zikipita kwenye kelele ni herufi moja. Namba husomwa tarakimu moja moja: moja nne, wala si kumi na nne. Na kuna mtego katika Kiswahili chetu ambao vitabu vya nje havitauonya: sita na tisa. Redio ya SSB, mtindo wa kutuma sauti tunaoutumia, hupitisha sauti hadi kama hezi 2,700 tu, na mlio wa S uko juu ya hapo, kwa hiyo maneno hayo mawili yanapofika upande wa pili yanaweza kufanana sana. Watu sita wanaohitaji machela wanaweza kuwa tisa. Kila sita na kila tisa isemwe mara mbili, na anayepokea airudie.

Kitabu cha kumbukumbu nacho kina mtego wake wa kwetu. Kituo huandika saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na mkufunzi humwambia skauti, "Ondoa tatu." Skauti anayefikiri kwa saa yetu anaangalia saa mbili asubuhi, anaondoa tatu kana kwamba ni 0200, na kuandika 2300 ya jana. Ukweli ni kwamba saa mbili asubuhi ni 0800 kwa saa za Afrika Mashariki, na UTC ni 0500. Tusiwatese watoto kwa hesabu hii katikati ya mawasiliano. Saa mbili ziwekwe mezani, moja ikiwa imerekebishwa kwa UTC na kuandikwa UTC kwa kalamu nene. Kinachobaki cha kufundisha ni tarehe: mawasiliano ya saa nane usiku wa kuamkia Jumapili yanaandikwa Jumamosi, 2300.

Kamishna Mkuu, hapa ndipo tunapohitaji uamuzi wako kuhusu kalenda. Jambori ya Hewani, ambapo maskauti wa dunia huzungumza kwa redio, iliyoanza miaka ya 1950, huwa wikendi ya tatu ya Oktoba, nasi tunaithamini. Megahezi 14.290 ikifunguka jioni, skauti wa Nairobi anazungumza na wenzake wa Ulaya akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Lakini kwa Kenya, wikendi hiyo iko kwenye mlango wa mvua za vuli na katikati ya maandalizi ya mitihani ya taifa. Radi ikisikika, kebo ya antena hutolewa kwenye redio na kupelekwa nje, na kazi husimama hadi nusu saa ipite bila ngurumo. Alasiri mbili zikiharibika hivyo, hakuna kilichobaki. Tunaomba wikendi ya Oktoba iwe ya kufurahia kazi waliyokwisha kujifunza, na jaribio la beji lifanywe Siku ya Mwanzilishi, tarehe 22 Februari. Februari ni kiangazi, muhula wa kwanza hauna mitihani ya taifa, na maskauti hukusanyika Nyeri alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1941. Kituo kimoja kiwe Rowallan, kingine Nyeri. Umbali ni takriban kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, mwendo ambao dipoli ya kimo cha mita 6 huufanya bila tabu. Kila kikosi kitume ujumbe mmoja na kipokee mmoja, karatasi za pande zote mbili zilinganishwe, na anayepima asiwe aliyefundisha.

Maandalizi yake ni wiki 10 za saa moja na nusu, maskauti 6 kwa redio moja. Wakizidi hapo, nusu yao hucheza. Wiki mbili za kwanza ni kusikiliza tu, kalamu mkononi, kabla mtu hajagusa kitufe. Telegrafu ya Morse haikulazimishwa tena kimataifa tangu mkutano wa ITU wa 2003, lakini tunaiacha kwenye mafunzo kwa ajili ya kinachojengwa: kifaa cha mazoezi chenye chipu ya 555, betri ya volti 9, rezista za kiloohmu 10 na 100 na kapasita ya nanofaradi 10 hulia kama hezi 690. Vyote vinapatikana Luthuli Avenue. Kisipolia, angalia kwanza kama pini ya 4 imeunganishwa na ya 8; chipu ikiwa ya moto, imewekwa kinyume. Viongozi wafundishwe kabla ya watoto, kwa sababu kikosi ambacho kiongozi wake hajui kwa nini redio inazima hakitavuka wiki ya nne.

Mtandao wa intaneti unaoambatana na Jambori ya Hewani ni mzuri kwa urafiki. Usihesabiwe kwenye beji hii. Skauti anayeandika ujumbe kwenye simu hajajifunza chochote kuhusu antena, betri wala nidhamu ya kusikiliza.

Mkurugenzi Mkuu, kwako tuna mambo matatu. Kanuni za Redio za ITU, katika kifungu cha 25, zinawekea mipaka ujumbe wa kimataifa unaotumwa na kituo cha ridhaa kwa niaba ya mtu mwingine, na zinaiachia kila nchi iamue itakavyolitumia sharti hilo. Skauti asiye na leseni anayezungumza kwenye kituo cha mwenye leseni anaangukia hapo hapo. Tunaomba ukurasa mmoja wa maandishi, wenye muhuri, unaosema wazi: skauti anaruhusiwa kuzungumza, mwenye leseni akiwa ameketi mahali mkono wake unapofikia swichi, akitaja yeye mwenyewe alama ya kituo mwanzoni na mwishoni. Kiongozi wa shule akiuliza kama jambo hili ni halali, tumpe karatasi hiyo.

La pili ni redio za mkononi za bei nafuu zinazouzwa mjini. Nyingi hutuma popote kati ya megahezi 136 na 174, wakati bendi ya mita 2 kwetu ni 144 hadi 146 tu. Katika hizo nyingine wamo walinzi, wamo wahudumu wa dharura, na mwito wa dharura baharini uko 156.8. Mtoto anayebonyeza vitufe kwa udadisi anaweza kuingia humo bila kujua. Sisi huzifungia redio za mafunzo zisitume nje ya bendi, tukafuta chaneli zote tusizozihitaji, na kuzima kibodi. Tunaomba Mamlaka itoe utaratibu huo kama sharti kwa kila kikosi kinachomiliki redio hizo. Usiwe sababu ya kuzinyang'anya. Redio iliyofungiwa vizuri ni kifaa bora cha kufundishia, na redio iliyofichwa kabatini kwa hofu haimfundishi mtu.

La tatu, siku moja ya mtihani wa leseni ya ridhaa iwekwe wakati wa likizo ya Aprili, pale Rowallan, kwa maskauti waliofaulu jaribio la Februari, na umri wa chini unaokubalika uandikwe kwenye tangazo. Skauti aliyetuma ujumbe Nyeri akiwa bado anazikumbuka hesabu za dipoli yupo tayari kufanya mtihani. Akingoja mwaka mzima, atakuwa ameshahamia jambo jingine.

Tuko tayari kuleta redio mbili, kebo, mita na mtaala wa wiki 10 ulioandikwa kwa Kiswahili, na kukaa na maafisa wa ofisi zote mbili siku yoyote mtakayoitaja. Ili kituo cha Februari kisimame, orodha ya viongozi watakaofundishwa tunaihitaji kufikia mwisho wa Oktoba, na ile karatasi ya Mamlaka kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Wenu katika utumishi,

Wakufunzi wa redio ya ridhaa kwa maskauti, Nairobi